Raba za mtindo wa zamani zinaporudishwa sokoni, je, ulaini wa ndani hurudi nazo?

Muuguzi wa Jinja

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninafanya kazi ya uuguzi hapa Jinja, na zamu yangu ya usiku huanza saa moja jioni ikaisha saa moja asubuhi, muda wote huo nikiwa juu ya sakafu ya saruji, nikienda na kurudi kati ya vitanda. Kwa miaka mingi nilivaa viatu vyeusi vyenye soli ngumu, hadi visigino vilipoanza kuniuma kila niliposhuka kitandani. Ndipo kaka yangu anayeishi Kampala, mtu anayezipenda sana raba za kizamani, aliponizawadia jozi aliyokuwa ameihifadhi ndani ya boksi lake kwa zaidi ya miaka kumi bila kuivaa hata siku moja. Ilikuwa ya mtindo wa miaka ya 1980 uliotengenezwa upya na kampuni moja ambayo sitaitaja. Ngozi ilikuwa safi, nyuzi zimenyooka, na rangi haikuwa imepauka hata kidogo.

Usiku wa kwanza niliivaa kwa furaha. Kabla ya saa tisa nilihisi mguu wa kulia umeshuka upande mmoja, kana kwamba nimekanyaga shimo. Nilipogeuka kutazama nyuma niliona vipande vidogo vya kijivu vimefuatana sakafuni kutoka mlango wa wodi hadi pale nilipokuwa nimesimama, na nilipookota kimoja kilivunjika vidoleni kama mandazi ya juzi. Soli yote ya kati, ile iliyo kati ya mguu na mpira wa chini, ilikuwa imegeuka unga. Nilimaliza zamu nikiwa na kandambili za bafuni.

Nina maswali matatu, nami nauliza kwa dhati kwa sababu sitaki kupoteza fedha mara ya pili. Kiatu ambacho hakijavaliwa kinawezaje kuoza? Je, hizi raba za zamani zinazorudishwa sokoni hurudishwa na mto wake wa awali, au kampuni huweka kitu kipya ndani na kubakiza sura tu? Na ile inayoitwa hewa katika soli, ni hewa kweli? Kaka yangu anasisitiza kwamba mtindo wa kale ndio wenye raha, lakini yeye hukaa ofisini.

---

Mwalimu wa Kemia, Bombo

Dada muuguzi, pole sana kwa yaliyokupata. Swali lako la kwanza lina jibu linaloeleweka vizuri, na ningependa kulieleza kwa utaratibu, kwa kuwa watu wengi hudhani wameuziwa bidhaa bandia ilhali kiatu kilikuwa halali kabisa.

Raba nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilitengenezwa kwa soli ya kati ya povu la plastiki iitwayo poliyurethani, na zinapotengenezwa upya kwa uaminifu, povu hilo hilo hutumika tena. Lina sifa nzuri: ni zito kidogo, lakini halisinyai upesi hata likibeba mzigo mchana kutwa. Tatizo liko katika aina moja ya poliyurethani ambayo minyororo yake imeungwa kwa viungo vya esta. Molekuli za maji zilizomo hewani hupenya ndani ya povu na kukata viungo hivyo kimoja kimoja, na kila kiungo kinapokatika huzaa asidi kidogo, nayo asidi hiyo huharakisha ukatikaji wa viungo vinavyofuata. Kwa hiyo uharibifu huanza polepole sana, pasipo dalili ya nje, kisha mwishoni huenda mbio. Wanakemia huuita mchakato huo haidrolisisi. Iko poliyurethani nyingine yenye viungo vya etha ambayo huvumilia maji vizuri zaidi, lakini mnunuzi hawezi kuitambua kwa macho.

Sasa fikiria boksi lililowekwa uvunguni kule Kampala, karibu na ziwa, ambako mvua ya Machi hadi Mei ikipita ile ya Septemba haikawii. Joto na unyevu ndivyo viwili vinavyousukuma mchakato huu. Watu wengine huifunga raba ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, wakidhani wanaikinga, kumbe wameufungia unyevu pamoja nayo. Kaka yako aliitunza sura ya kiatu kwa mapenzi, lakini saa ya povu ilikuwa ikienda tangu siku lilipotoka kiwandani.

Povu jingine, la plastiki iitwayo EVA, ambalo lilianza kutumika katika viatu vya kukimbilia katika miaka ya 1970, halibomoki kwa namna hiyo. Kasoro yake ni nyingine. Limejaa vijishimo vidogo vilivyofungwa, kila kimoja kikiwa na gesi ndani, na kadiri linavyokanyagwa kuta za vijishimo hivyo hukunjamana hadi zinashindwa kurudi, hasa penye joto. Halitakuacha njiani ghafla kama ilivyokutokea, lakini siku utakapolibonyeza litakuwa bapa na gumu.

---

Mtunza Raba, Ntinda

Nashukuru Mwalimu kwa maelezo hayo. Mimi pia ninakusanya raba za zamani, na nimewahi kupoteza jozi moja niliyoipenda kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo namwelewa kaka yako. Niruhusu nianze na swali la tatu, kwa sababu ndani yake limo jibu la swali la pili.

Hewa ile ilianza na mtu aitwaye Frank Rudy, Mmarekani aliyekuwa mhandisi katika sekta ya vyombo vya anga, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwapelekea Nike wazo la kufungia gesi ndani ya mfuko wa plastiki na kuuweka chini ya mguu. Kiatu cha kwanza, Tailwind, kilionekana mwaka 1978 wakati wa mbio za marathoni za Honolulu. Mfuko huo ulikuwa umefichwa ndani ya povu, hivyo mvaaji aliambiwa tu kwamba upo. Ilikuwa ni mwaka 1987 ndipo Tinker Hatfield, msanifu wa Nike aliyesomea usanifu wa majengo, alipotoboa dirisha ubavuni mwa soli ya raba yao Air Max 1 ili mfuko uonekane, akiwa amevutiwa na jengo la Centre Pompidou la Paris, ambalo mabomba yake yote yamewekwa nje.

Gesi iliyomo haikuwa hewa hii tunayoivuta. Kwa muda mrefu walitumia heksafluoridi ya salfa, gesi nzito yenye molekuli kubwa ambazo hazipenyi kirahisi kwenye kuta za plastiki, na ndiyo maana mfuko haukulegea. Gesi hiyo, hata hivyo, huchangia sana kuongeza joto la dunia, kwa hiyo waliiondoa hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 2006 nitrojeni ilikuwa imeshika nafasi yake. Kwa maana hiyo, dada, hata ile Air Max 1 unayoiona leo dukani, iliyorudishwa kwa uangalifu hadi kwenye rangi ya uzi, haina kilekile kilichokuwa ndani mwaka 1987.

Upo mfano ninaoupenda zaidi. Toleo la mwanzo kabisa lilikuwa na dirisha kubwa, lakini plastiki ilikuwa ikipasuka, hasa penye baridi, hivyo dirisha likapunguzwa na kwa miaka mingi watu wakazoea lile dogo. Mwaka 2023 kampuni ilirudisha lile dirisha kubwa, kwa kuwa sasa ilikuwa na namna ya kulitengeneza lisipasuke. Huo, kwangu, ndio urudishaji wenye heshima: unarudisha kile msanifu alichokitaka, na ufundi mpya unatumika kukitimiza.

Zipo kampuni zilizofuata njia nyingine, yaani kuacha sura ya zamani na kubadilisha kila kilicho chini yake. Adidas iliwahi kuitoa Stan Smith, raba ya tenisi yenye soli bapa, ikiwa na povu la Boost, lile linalotengenezwa kwa vipunje vya plastiki vilivyofurishwa na kuunganishwa kwa mvuke, ambalo walilianzisha pamoja na kampuni ya kemikali ya BASF mwaka 2013. Converse nao mwaka 2015 walitoa toleo la pili la Chuck Taylor, raba yao ya turubai, lenye soli ya ndani ya povu la Lunarlon kutoka Nike, ambao ndio wamiliki wao. Ilikuwa laini kuliko ile ya asili, lakini haikudumu sokoni. Wapenzi wa Chuck walibaki na ya kawaida, au na Chuck 70 iliyotoka mwaka 2013, yenye turubai nzito na soli ya ndani iliyonenepeshwa kidogo kwa kufuata ujenzi wa zamani. Mimi niko upande wao. Kiatu cha kale kikibadilishwa mwendo wake kinakuwa kiatu kingine kilichovaa nguo za babu.

---

Fundi Viatu, Owino

Dada yangu, nimesoma maneno ya hawa wawili na nayakubali, ila Mtunza Raba anazungumzia viatu vya kutazamwa na wewe unauliza viatu vya kusimamia usiku kucha. Mimi hupasua raba kila wiki, kwa sababu huwezi kubandika soli mpya bila kujua ya zamani ilikaaje, kwa hiyo nitakueleza kile ninachokiona kisu kikipita.

Raba ya turubai kama Chuck, ukiipasua, unakuta mpira uliopikwa pamoja na turubai na kipande chembamba cha soli ya ndani, basi. Ilianza kama kiatu cha mpira wa kikapu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na hata wakiinenepesha, saruji utaisikia. Raba yenye mfuko wa hewa uliofichwa, kama Air Force 1 ya mwaka 1982, huwa na mfuko mdogo kisigino peke yake, na pande zote umezungukwa na povu zito. Wateja wengi hushangaa ninapowaonyesha, kwa maana walidhani wanatembea juu ya hewa kutoka kisigino hadi vidole. Sehemu kubwa ya mguu inakanyaga povu, na ni povu hilo litakaloamua kama utalala salama au utalala na ndoo ya maji ya chumvi miguuni.

ASICS walileta jeli yao mwaka 1986. Ni kipande cha silikoni kilichopachikwa kisiginoni, na katika baadhi ya mitindo kingine mbele. Ukikitoa na kukiweka mezani kinatikisika kama mulokoni, mchuzi wa kwato za ng'ombe, ulioganda. Kinafyonza mshindo wa kisigino vizuri, na mpaka leo sijakuta jeli iliyooza, ila nimekuta nyingi zilizobaki nzima ndani ya povu lililokufa. Zile raba zao za Gel-Kayano za rangi ya fedha ambazo vijana wa Kampala wanazitafuta siku hizi ni za mtindo wa mwaka 2008 uliorudishwa, na zilikuwa raba za kukimbilia masafa marefu, kwa hiyo zina kitu cha kuushika mguu usilale upande wa ndani.

Iliyonifundisha zaidi ni New Balance 574, mtindo wa mwaka 1988. Kisigino chake kina kiini cha EVA laini kilichozungushiwa ukingo wa poliyurethani iliyo ngumu zaidi. Wenyewe huuita ujenzi huo ENCAP. Ukibonyeza katikati kwa kidole gumba kinazama, ukibonyeza pembeni kinakataa. Maana yake ni kwamba mguu unapata mto, lakini hauyumbi. Wauguzi, walinzi na wapishi wanaokuja kwangu hulalamika zaidi juu ya kuyumba kuliko juu ya ugumu, ingawa wao wenyewe hulitaja kama ugumu. Mguu uliosimama juu ya kitu laini mno unafanya kazi usiku kucha kutafuta mizani, na asubuhi maumivu yanapanda hadi kwenye vigimbi.

Kuhusu kununua, kama ni mivumba, yaani mitumba, usitazame ngozi. Wauzaji hapa sokoni wanajua kung'arisha, na wengine hupaka rangi nyeupe ubavuni mwa soli. Lete kidole gumba, ubonyeze ubavu wa soli ya kati chini ya kisigino, kisha uachie: povu hai hurudi mara moja, lililokufa huacha alama au halibonyei kabisa. Tazama mikunjo midogo ya mlalo ubavuni, ile inayofanana na mikunjo ya shingo, kwa kuwa ndiyo EVA iliyochoka. Soli ikikunatia vidoleni au ikiwa imegeuka njano kwa ndani, iache, hiyo ndiyo poliyurethani iliyoanza safari aliyoieleza Mwalimu. Halafu funua ulimi wa kiatu usome lebo, kwa sababu kampuni nyingi huandika humo tarehe ya kutengenezwa. Raba iliyorudishwa mwaka 2008 inaweza kuuzwa leo kama mpya. Mwisho, nenda jioni baada ya kazi, miguu ikiwa imevimba, na soksi zako za zamu.

---

Mkimbiaji wa Kapchorwa

Naongeza jambo moja tu, kwa sababu naona kuna mtu atakayemshauri dada aachane na mitindo ya zamani na kununua raba za kisasa za mashindano. Huku mlimani tunazijua. Povu lake ni jepesi sana na linarudisha nguvu, nalo limewekwa kwa unene mkubwa kiasi kwamba shirikisho la riadha duniani limeweka kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani. Lakini soli hizo zimepinda mbele kama mtumbwi ili zikusukume uendelee kwenda, na kisigino chake ni chembamba. Ukisimama nazo wima kando ya kitanda cha mgonjwa, zinataka kukutoa pale ulipo.

Mganda mwenzetu Stephen Kiprotich alishinda marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, miaka kadhaa kabla ya viatu hivyo kuingia madukani. Raba za zamani zilizorudishwa nyingi zilikuwa za wakimbiaji wa wakati wao, zikiwa na kisigino kipana na povu la wastani. Sisi hatuzikimbilii tena, ni nzito, lakini baada ya mazoezi, tunapokaa na kutembea kambini, ndizo tunazovaa. Kwa kazi ya kusimama ningechagua hizo.

---

Muuguzi wa Jinja

Nawashukuruni sana, ndugu zangu. Ijumaa nilikuja Kampala nikaenda Owino saa kumi na moja jioni, nikiwa nimetoka kusimama siku nzima. Nilibonyeza jozi kumi na moja, na mchuuzi mmoja akaniuliza kama ninanunua kiatu au ninanunua parachichi. Ya tano ilikuwa nzuri kuliko zote kwa sura, nyeupe kabisa, lakini nilipoikuna kwa ukucha ubavuni rangi ilitoka na chini yake kukawa na mikunjo ile ile ya shingo.

Nilichukua 574 ya kijivu. Lebo yake inaonyesha imetengenezwa miaka mitatu iliyopita, ukingo wa kisigino ni mgumu, katikati panazama na kurudi. Nimelipa shilingi laki moja na elfu ishirini. Nimeshafanya zamu nne nayo. Visigino bado vinauma ninapoamka, lakini siyo kwa namna ile ya kunifanya nishike ukuta, na vigimbi vimenyamaza. Nimegundua pia kwamba soli ya ndani inatoka, kwa hiyo kila asubuhi naitoa na kuianika kivulini.

Nimebakiwa na jambo moja. Ile jozi ya kaka bado iko mezani, ngozi yake nzuri kama siku aliyonikabidhi, na sijapata moyo wa kuitupa wala wa kumwambia yaliyotokea. Je, Fundi, inaokoleka? Au ngozi nayo itafuata?

---

Fundi Viatu, Owino

Inaokoleka, dada, kama ngozi na nyuzi ni nzima. Nitaiondoa soli yote, nitakwangua unga wote hadi nifike kwenye kitambaa cheupe, kwa sababu chembe moja ikibaki gundi haishiki. Kisha nitachonga soli ya kati ya EVA kutoka kwenye bamba jipya, niifuate ile sura ya zamani, na mpira wa chini nitaurudisha ule ule kama haujapasuka. Mfuko wa hewa, kama ulikuwemo, hautarudi, maana plastiki yake ilishikwa na povu lililokufa, na kaka yako atajua imebadilishwa mara tu atakapoinyanyua, kwa kuwa EVA itaifanya iwe nyepesi. Mwambie mwenyewe kabla hajainyanyua.

Ilete Jumamosi asubuhi, kabla sijazidiwa na kazi. Uiweke kwenye boksi lililo wazi au uifunge kwa gazeti, na usiitie kwenye kavera. Hata kile kilichovunjika kabisa uje nacho, kila kipande kikubwa ulichookota, maana nahitaji kupima unene wa kisigino.